Dodo ziko mlangoni, sisi tunakunywa unga wa njano

Jumamosi moja mtoto wa dada yangu alikuja kushinda kwangu, ana miaka 13, na ombi lake lilikuwa moja tu, mamdogo nipeleke nikanywe bubble tea, ile chai ya barafu yenye vidonge vyeusi vya kutafuna. Tukaenda. Akachagua ya embe, nikalipa shilingi 12,000, nikabaki nimesimama pale kaunta naangalia inavyotengenezwa. Dada wa watu akachota unga wa njano kwenye kopo, akamwagia maji ya moto, akakoroga, akatia barafu, akatia vile vidonge vyeusi kutoka kwenye pakiti, akaziba kikombe kwa mashine, kwisha kazi. Embe sikuliona. Na huu ni mwezi wa 12, Dar es Salaam, tumetoka tu pale mlangoni kuna kaka na toroli lake limejaa embe dodo zimeiva hasa, harufu inakupata kabla hujamwona mwenye toroli, dodo moja buku.

Mtoto kanywa nusu kaniambia, "Mamdogo, hii ina rangi ya embe tu."

Nimerudi nyumbani nimekasirika na hasira haijaisha mpaka leo, ndio maana naandika. Simlaumu yule dada, yeye kaajiriwa na anafanya alichofundishwa. Kinachoniuma ni kwamba mtoto aliyezaliwa mji wa maembe anafundishwa ladha ya embe na kopo lililosafiri baharini wiki kadhaa, halafu tunaona ni maendeleo. Na embe ni nusu tu ya hasira yangu. Nusu nyingine ni vile vidonge.

Vile vidonge ni muhogo jamani. Ni wanga wa muhogo na sukari basi, hakuna kingine cha ajabu. Wataiwan ndio walioanza kuvitia kwenye chai ya barafu miaka ya 1980, wao wanaviita lulu na mimi nitaviita hivyo hivyo maana jina ni zuri. Kuna maduka mawili ya chai kule, moja la Taichung na jingine la Tainan, yaligombana mahakamani miaka kumi kila mmoja anasema mimi ndio wa kwanza, mpaka 2019 mahakama ikasema kinywaji hiki hakina hati miliki, mtu yeyote anaweza kutengeneza. Mtu yeyote! Sasa mtu yeyote ambaye muhogo anauona kila siku barabarani unachomwa na kupakwa pilipili na ndimu, ananunua lulu za muhogo za pakiti kutoka nje kwa bei ya nyama, kwa nini?

Mimi jibu nililipata kwa mama. Nilimpigia simu Pangani nikamweleza nilivyoona kwenye video wanga unavyotolewa, unakamua muhogo, unaacha maji yatulie, kile cheupe kinachobaki chini ndio wanga wenyewe. Mama akaniambia, hiyo si kanji? Nikanyamaza. Ni kanji kweli. Bibi yangu alikuwa anaitengeneza kila wiki ya kutia nguo, kanzu za babu, kofia za viua, sare zetu za shule, mimi mwenyewe nimeshika ile beseni nikiwa na miaka saba nikikatazwa nisitikise maji. Yaani ujuzi wote ulikuwepo nyumbani kwetu, tena mikononi mwangu, na nikaenda kuutafuta kwenye video za watu wa mbali nikijua ni kitu kigeni. Hili limenigusa kuliko embe, nakiri, nililia kidogo siku ile.

Basi nieleze ninavyofanya, maana nimeshafanya mara nne sasa na mara mbili za kwanza ziliharibika.

Nunua muhogo mtamu, ule wa kuchemsha, usichukue muhogo mchungu kabisa maana ule una sumu na si wa kuchezea. Kilo moja. Menya, osha, kwangua kwa kile cha kukwangulia karoti, au katakata utie kwenye blenda na maji. Kamulia kwenye kitambaa cha kuchujia tui, rudia maji mara mbili tatu mpaka yanayotoka yawe karibu maangavu. Acha beseni lisiguswe kwa muda wa saa nne au tano, halafu mwaga maji ya juu taratibu, tia maji mengine masafi, koroga, acha tena, mwaga. Kile kigumu cheupe cha chini kimomonyoe uanike kwenye sinia juani. Mimi kilo moja ilinipa kikombe kimoja na nusu hivi cha wanga mkavu. Na tafadhali usitumie unga wa muhogo wa ugali, mara ya kwanza ndio nilifanya hivyo nikapata kitu kama uji wenye mchanga. Ule ni muhogo mzima umesagwa na nyuzi zake, tunachotaka hapa ni wanga peke yake.

Kikombe kimoja cha wanga, robo kikombe cha maji, vijiko vitatu vya chakula vya sukari guru. Ndiyo, sukari guru, hiyo ndio itakupa ule weusi na ile harufu ya kuungua kidogo. Chemsha maji na sukari mpaka ichemke kabisa, ikiwa bado inatokota mimina juu ya nusu ya wanga, koroga haraka kwa mwiko, kisha ongeza nusu iliyobaki ukande ikiwa bado moto kadiri mikono inavyovumilia. Hapa ndipo mara ya pili niliposhindwa, maji yalikuwa ya vuguvugu, donge likawa ukilibana linakuwa gumu ukiliachia linatiririka kama maziwa, halishikiki. Wanga lazima uive kidogo na yale maji ndio ushikane. Wanaopika halua wanalijua hili vizuri, ule mnato wa halua ni wanga ulioiva na sukari, wala si siri ya Taiwan.

Sukuma vijiti vyembamba, katakata, viringisha viwe kama njegere ndogo, nyunyizia wanga mkavu visigandane. Kazi hii inachosha mtu mmoja, ila mkikaa watatu mkekani na stori inaisha bila kujua, sisi tulikaa mimi na mtoto na jirani yangu wa mlango wa pili tukaimaliza kabla ya adhuhuri. Chemsha kwenye maji mengi yanayotokota dakika 20, zima, funika dakika nyingine 15 mpaka katikati pasiwe na kiini cheupe, suuza na maji ya baridi, loweka kwenye shira ya sukari guru. Zinywewe siku hiyo hiyo. Ukizitia kwenye friji zinakuwa ngumu kama kokoto. Na watoto wadogo wa chini ya miaka minne wapeni juisi peke yake, lulu zinaweza kuwakaba.

Chai ni rahisi. Majani ya Mufindi au ya Rungwe, maji yanayochemka, dakika tano, chuja. Usiyapike kama chai ya maziwa, ukali ule ukikutana na tunda lenye uchachu haunyweki. Ipoe kabisa. Dodo mbili zilizoiva unasaga, ukiwa na embe za nyuzi chuja, kamua nusu ndimu, changanya na chai na barafu kwenye chupa yenye kifuniko, tikisa kwa nguvu mpaka ipande povu. Hilo povu ndio asili ya hilo jina la bubble, si lulu kama wengi tunavyodhani. Mimina juu ya lulu. Kama huna mrija mpana tumia kijiko.

Embe na maziwa zinaelewana, ukiacha ndimu. Karakara na ukwaju usitie maziwa, yatakatika. Nanasi lisilopikwa pia halipendani na maziwa, linayafanya machungu, hata liwe la Kiwangwa.

Najua nitakachoambiwa. Kwamba duka haliwezi kukaa linakwangua muhogo asubuhi nzima, kwamba matunda yana msimu na yanaoza, kwamba unga hauozi na kila kikombe kinatoka sawa. Ni kweli, haya, nakubali, na lulu za pakiti zina ule utafunaji ambao zangu bado hazijaufikia, Wataiwan wenyewe wanauita Q na wanaujali sana. Lakini embe kwenye blenda ni dakika moja! Hata kama lulu utanunua, tunda lililo mlangoni kwako linakushinda nini? Na kama kukwangua huwezi, nenda maduka ya Kihindi Kisutu ununue sago, ile sabudana, nayo ni muhogo, ni ndogo ndogo tu, inaiva haraka.

Nawaza pia yule mama anayelima muhogo Mkuranga au Muheza, gunia lake analiuza kwa bei ambayo haimlipi hata nauli, wakati bidhaa ile ile ikiwa imeviringishwa na kutiwa kwenye pakiti ya kumeta inamrudia mjini kwa bei ya juu sana. Nchi hii inavuna mamilioni ya tani za muhogo. Akina mama wangapi wa vikundi wangeweza kutengeneza lulu na kuwauzia hawa wenye maduka? Mimi nipo tayari kumfundisha yeyote bure, kwa kweli nasema kwa moyo wangu wote, mtu aje tu na beseni.

Jumapili iliyopita tulitengeneza ya dodo glasi sita. Mtoto wa dada kanywa mbili, akapiga picha, akawatumia wenzake. Jioni nikampigia tena mama, nikamwambia ile kanji ya bibi tumeinywa leo. Akauliza tulianika wapi, nikamwambia kwenye sinia, akasema hapana, bibi yako alikuwa anaanikia kwenye kanga nyeupe kuukuu, kitambaa kinanyonya maji yanayobaki, sinia halinyonyi. Muhogo mwingine nimeshanunua, uko jikoni kwenye ndoo, na kanga nimeitafuta.