Tuambieni Maji Yanakuja Saa Ngapi

Binamu yangu anaishi Missouri, Marekani. Jumamosi nikiamka hapa Jinja nakuta ujumbe wake wa sauti kwenye WhatsApp. Kwake bado ni Ijumaa usiku. Hana salamu. "Kesho mashine mbili mpaka saa sita mchana, halafu wanafunga," anasema, na hapo ndipo anakumbuka kuuliza shangazi anaendeleaje na mguu.

Mashine anazozitaja ni za bwawa la umeme la Table Rock; zikiwashwa nyingi, maji mengi yanateremka. Chini ya ukuta wake kuna ziwa jembamba liitwalo Taneycomo, refu kama mto, na humo ndimo binamu anamovua trauti, samaki wa maji ya baridi. Kabla ya Table Rock kukamilika mwaka 1958, Taneycomo lilikuwa na maji ya uvuguvugu na samaki wa maji hayo. Bwawa likageuza mambo, maana maji yanayopita kwenye mashine huchotwa chini sana, kule jua lisikofika, yakatoka na ubaridi wa nyuzi tisa hivi mwaka mzima. Samaki wa zamani walishindwa. Wakaletwa trauti, na hadi leo jimbo humwaga humo trauti waliolelewa vituoni, mamia ya maelfu kila mwaka.

Trauti wake simwonei wivu. Na sisi tunao, wako kwenye vijito vya baridi vya Mlima Elgon, na anayemtaka apande huko na sweta. Huku chini hawezi kuishi. Maji yetu yanatoka juu juu ya Ziwa Victoria, yana joto la nyuzi 25 au karibu na hapo, na trauti huanza kutaabika yakipita 20. Ninachomwonea wivu binamu ni kwamba kwao ratiba ya mashine hutangazwa, analala akijua kesho maji yatakuja saa ngapi.

Sasa tujihesabu. Kutoka Jinja hadi Mto Nile unapoingia Ziwa Kyoga tuna mabwawa manne. Nalubaale, ambalo wazee bado wanaliita Owen Falls, lilifunguliwa 1954 na lina megawati 180. Pembeni yake Kiira, 200. Bujagali, 250, tangu 2012. Isimba, 183, tangu 2019. Kiira peke yake inalingana na Table Rock nzima. Kwa hiyo Kyoga ni ziwa linalolishwa na mabwawa kama lile la binamu, ila letu ni pana mno, fupi kwa kina, na limezungukwa na mafunjo. Kwenye mwalo wetu, pale mitumbwi inapofikia, tangu nianze kuvua, sijawahi kuona karatasi hata moja inayosema kesho mto utakuwaje.

Asiyevua atauliza, yote hayo ya nini, si utupe ndoano tu? Hapo ndipo binamu alinifumbua macho. Kwao mashine zikizimwa ziwa linatulia kama maji ya beseni, na trauti anaona kila kitu. Unatumia uzi mwembamba kama unywele na kindoano kisichozidi punje ya mchele, kimezungushiwa nyuzi nyeusi kifanane na kijidudu cha majini, kinaning'inia chini ya boya dogo. Ikiwashwa mashine moja, mchezo ni mwingine: unaiachia boti ibebwe na mkondo, mnyoo unaburuzwa chini, na risasi yako, ile ya kuzamishia chambo, iwe na uzito wa kugusagusa changarawe bila kukwama. "Usiposikia tik-tik kwenye fimbo, huvui, unaosha minyoo," aliniambia. Zikiwashwa zote nne, trauti wanajibana ukingoni na nyuma ya mawe, na wengi wanarudi nyumbani kunywa kahawa. Sanduku lake la vyombo limepangwa kwa idadi ya mashine. Hakulipanga kwa aina ya samaki hata kidogo.

Nikajaribu akili hiyo kwa kisinja.

Kisinja ndiye trauti wetu, niseme nikosolewe. Wageni wanakuja Uganda kutafuta sangara, wanateremka hadi maporomoko ya Murchison kupiga picha na jitu la kilo mia, na mimi sina neno, sangara ni sangara. Lakini sangara wa Victoria na Kyoga ni mhamiaji, aliletwa miaka ya 1950; asili yake ni chini ya maporomoko ya Murchison, ambayo hakuweza kuyapanda mwenyewe. Kisinja ndiye mwenye mto. Mvumbuzi Mwingereza Speke alipofika maporomoko ya Ripon hapa Jinja mwaka 1862 aliona samaki kwa maelfu wakiruka kwenye maporomoko, na mimi nina hakika wengi wao walikuwa kisinja. Maporomoko yale yalizama bwawa lilipojengwa, ila samaki hakuacha tabia ya kupenda maji yanayokimbia. Ana magamba makubwa ya rangi ya shaba, midomo minene, ndevu nne fupi za kupapasia chini, na nguvu za kukudhalilisha mbele za watoto.

Maji yakiwa yamepungua namtafuta kwenye vidimbwi vya katikati ya miamba. Risasi sifungi kabisa. Mnyoo mmoja wa udongo, uzi mwepesi, unauacha ubebwe wenyewe. Kivuli chako kikianguka majini umekwisha, hamia dimbwi lingine. Yakijaa kabisa, natafuta nyuma ya jiwe kubwa, pale mkondo unapojikunja na kurudi, na hapo risasi nzito, chambo kilale chini. Donge la posho, yaani ugali, lililokandwa likawa gumu linatosha. Yakianza kushuka, afadhali ufunge mzigo.

Lakini dakika ishirini, thelathini za mwanzo, maji yanapoanza kupanda! Hizo ndizo za kuishi nazo. Ukingo uliokuwa mkavu tangu asubuhi unazolewa: siafu, nyenje, konokono, mbegu, kila kitu kinaingia mtoni kwa pamoja, na kisinja anakuja kula hadi miguuni pako. Nimewahi kuwavuta watatu kutoka kwenye maji yasiyofika goti. Mtu akijua saa hiyo anakuja nayo, anavua nusu saa, anarudi kazini. Asiyeijua anakaa siku nzima anachomwa na jua, na ikifika hiyo nusu saa yuko nyuma ya kichaka anakula rolex, chapati yetu ya mayai.

Mimi nimejifunza kuisoma kwa kijiti. Nakichonga kwa kisu mikato yenye nafasi ya kidole kimoja kimoja, nakichomeka kwenye mchanga mahali pasipo na mawimbi. Maji yanapopanda hayana kelele, hilo watu hawaamini. Dalili ya kwanza ni jani: lile lililokuwa limetulia kwenye dimbwi linaanza kuzunguka pole pole, halafu linaelekea juu, kinyume na mto. Ya pili ni siafu kwenye mwamba, mstari wao unavunjika na wa mbele wanarudi nyuma. Ukija kuona mkato wa kwanza umezama, una dakika chache za kuamua kama unavua au unavuka.

Siku moja tuliamua vibaya. Mwamba siutaji wala bwawa lililokuwa juu yetu. Nilikuwa na rafiki yangu fundi cherehani, tumevuka maji ya kifundo cha mguu hadi kwenye mwamba ulio hatua kumi kutoka ufukweni. Jioni, samaki wanakula, nani aangalie kijiti? Tulipogeuka, hatua kumi zile zilikuwa zimekuwa kama ishirini, na maji kiunoni, yanavuta. Rafiki yangu aliingia kwanza, akateleza, akashikilia mzizi. Mfuko wa samaki ulienda, simu yake ikaenda, na kiatu kimoja, ambacho mpaka leo anakitaja kuliko simu. Tulitolewa na kijana wa boda aliyekuwa anaosha pikipiki yake. Alitufungia pamoja mipira miwili ya kufungia mizigo, akatutupia. Hakutaka hela. Alichosema tu ni, "Wazee, nyinyi hamjui saa za umeme?"

Alikuwa sahihi kuliko alivyodhani. Umeme Uganda una saa zake: bei ya juu kwa viwanda inaanza saa kumi na mbili jioni hadi saa sita usiku, kwa sababu ndizo saa ambazo matumizi yanapanda. Kampala ikiwasha taa na televisheni, mashine zaidi zinafunguliwa, na sisi huku chini tunaloa. Nimeandika kwenye daftari kwa miezi kadhaa, na jioni ndizo zinazoongoza kwa maji kupanda ninapovua. Vijana wa boti za mpira wanaobeba watalii nao wanajua; siku hizi kabla ya kutoka nyumbani nampigia mmoja wao simu. Maana yake habari ipo. Inazunguka kwa kujuana, kama nafasi za kazi.

Nimewahi kujibiwa kwamba umeme haupangiki, mashine ikiharibika ratiba inavunjika. Kweli. Kwa binamu pia inavunjika, na tangazo lenyewe linaonya kwamba maji yanaweza kufunguliwa wakati wowote, na king'ora kinalia karibu na bwawa. Mbona hawajaacha kutangaza? Ratiba iliyo sahihi siku tano kwa saba inanifaa kuliko kijiti. Tena kwetu jumla ya maji haitoki hewani. Tangu enzi za Waingereza na Misri, bwawa la Owen Falls lilipokubaliwa, kuna utaratibu unaofungamanisha maji yanayotoka na kimo cha maji ya Ziwa Victoria: ziwa likiwa juu unatoa mengi, likishuka unapunguza, kama ambavyo maporomoko yangefanya yenyewe. Kuna wakati haukufuatwa. Miaka ya 2004 hadi 2006 ziwa lilishuka sana, ukame ukiwa sababu moja na maji kutolewa kupita kiasi ikiwa nyingine. Ila utaratibu upo, na kimo cha ziwa kinapimwa kila siku papa hapa Jinja. Mtu anayejua kimo hicho na maji yanayotakiwa kutoka anaweza kuniambia kesho kwa meseji moja.

Wa Kyoga shida yao ni ya namna nyingine, na nakiri mimi naizungumzia kwa kuazima. Kupanda na kushuka kwa kila jioni kunamezwa njiani na mafunjo na upana wa ziwa, hivyo wao hawaulizi saa, wanauliza mwezi. Kina cha Kyoga kwa wastani ni mita tatu au nne tu, kwa hiyo nusu mita ikiongezeka si habari ndogo, ni shamba la mtu na mlango wa mtu. Namasagali, iliyokuwa bandari ya meli na mwisho wa reli kutoka Jinja, ilimezwa na maji ya mvua za 1961 na 1962. Mei 2020 kipimo cha Ziwa Victoria pale Jinja kilifika mita 13.42, rekodi ya 1964 ikavunjwa kwa sentimita moja, na maji yakafunguliwa kwa wingi kuelekea chini. Mwezi mmoja kabla ya hapo kisiwa cha magugu kilikuwa kimeelea hadi kwenye bwawa na kuzima umeme karibu nchi nzima. Siku ile Kampala ilijifunza kwamba kuna uhusiano kati ya taa na majani ya ziwani. Sisi tulikuwa tunaujua.

Mzee mmoja anayevua sato upande wa Kyoga aliniambia, tukiwa tumekaa kwenye mtumbwi uliopinduliwa, kwamba maji yakipanda ghafla sato wanaingia kwenye majani yaliyofurika kutafuta mahali pa kutagia, na nyavu za nje zinarudi tupu. "Mwanangu, mimi nahamisha nyavu baada ya kukosa wiki mbili," alisema. "Wiki mbili hizo ni ada ya mtoto." Angeambiwa mapema angehamisha siku ya kwanza. Nilimuuliza angetaka aambiweje. Alifikiri kidogo, akaonyesha ukuta wa kibanda cha kupimia samaki, ule ambao wameandika kwa chaki bei ya sangara na kwamba asiyefika sentimita 50 asiletwe. Chini ya maandishi hayo palikuwa na nafasi ya mstari mmoja.

Nami siombi zaidi ya hapo. Chaki kwenye mialo, meseji kwa kamati za wavuvi, sauti ya mtangazaji wa redio baada ya taarifa ya habari ya saa moja usiku: kesho mashine ngapi, kuanzia saa ngapi. Wenye mabwawa wana watu wa mawasiliano wanaotutumia picha za mashindano ya mpira ya wafanyakazi. Hawatakosa wa kuandika mstari huo.

Leo asubuhi binamu ametuma mwingine. Mashine moja tu, siku nzima, anaingia majini na mabuti. Mimi nimechonga kijiti kipya, cha zamani kilienda na maji Jumatano. Rafiki yangu fundi anakuja saa kumi na nusu, na safari hii amevaa ndala.