Mwanafunzi wa uzamili Mlimani apange wapi: Changanyikeni, Sinza au Kimara?

Mwaka wa masomo wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho kampasi yake kuu huitwa Mlimani, unapokaribia kuanza, simu za madalali wa Ubungo, Sinza na Changanyikeni hazitulii. Wanafunzi wa shahada ya kwanza, wa uzamili na wale wa Chuo Kikuu Ardhi hapo jirani wote wanawinda vyumba upande uleule wa jiji. Anayekuja kusoma uzamili kutoka Mbeya, Mwanza au Nairobi hukutana na ushauri wa aina mbili. Wapo wanaomwambia akae karibu na chuo hata kama chumba ni ghali, na wapo wanaomwambia aende Kimara, Mbezi au Goba, ambako pesa ya chumba kimoja inaweza kumpatia chumba na sebule.

Wote wana hoja, ila wengi hulinganisha kodi na kodi wakaishia hapo. Kinachoamua ni siku ngapi kwa mwezi utapanda Mlimani, na saa ngapi utashuka.

Tuchukue bei za mfano. Chumba master (chenye choo na bafu ndani) Msewe au Changanyikeni, jirani na chuo, 150,000 kwa mwezi, na cha aina hiyohiyo Kimara ya ndani 90,000. Tofauti ni 60,000, na hapo ndipo mtu huamua haraka. Sasa weka nauli. Kwa viwango vya Desemba 2023 vya LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, daladala ya safari isiyozidi kilomita 10 ni shilingi 600. Kutoka Kimara ya ndani unapanda bodaboda hadi barabara ya Morogoro, tuseme 1,000, kisha gari hadi Ubungo, kisha gari jingine la kupanda chuo. Hiyo ni 2,200 kwenda na 2,200 kurudi, jumla 4,400 kwa siku. Ukiwa na vipindi siku 22 kwa mwezi, nauli peke yake ni 96,800: ile akiba ya 60,000 imeisha na umetoa 36,800 zaidi mfukoni mwako. Ukienda siku 13, nauli ni 57,200, yaani ngoma droo. Ukienda siku 8 tu, nauli ni 35,200, na Kimara inakuachia 24,800 kila mwezi.

Mpaka, basi, uko kwenye siku 13 hivi, na hiyo ni kwa anayelinganishwa na mtu wa Msewe anayekwenda kwa miguu. Wa Sinza naye anapanda gari, kwa hiyo mpaka wake unasogea mbele.

Upande wa Kimara una hoja nzito zaidi ambayo hesabu ya mwezi haiioni. Kodi Dar hulipwa kwa mkupuo, mara nyingi miezi sita, na dalali anachukua ya mwezi mmoja. Chumba cha 150,000 kinataka 1,050,000 mkononi kabla hujanunua hata godoro. Cha 90,000 kinataka 630,000. Pengo la 420,000 ni kubwa kwa mtu ambaye ada bado inamsubiri. Nauli inauma, lakini inauma kidogo kidogo. Ndiyo maana kumwambia kila mtu kwamba kukaa mbali ni hasara ni kutojua watu wanavyopata pesa zao. Mwenye mkupuo mdogo na ratiba nzito afadhali atafute mwenzake washee chumba na sebule karibu na chuo kuliko kukimbilia Mbezi peke yake.

Halafu kuna saa. Wanaosoma jioni huku wakifanya kazi mjini ni kundi tofauti kabisa. Mfanyakazi wa Posta anayekaa Kimara anapita Ubungo kila siku kwenda na kurudi, kwa hiyo chuo kiko njiani kwake. Akihamia Changanyikeni anajiongezea safari ya asubuhi. Watu hupenda kusifia mwendokasi wa Kimara, ulioanza kazi 2016, lakini mabasi yale yanafuata barabara ya Morogoro kwenda Kivukoni na Gerezani. Hayapandi Mlimani. Yanamfaa sana anayefanya kazi Posta au Kariakoo. Kwa anayetoka nyumbani kwenda darasani tu, ni kipande kimoja cha safari ya vipande vitatu. Na kipindi kikiisha usiku, kipande cha kutazama ni kile cha mwisho, kutoka barabara kubwa hadi getini kwako. Wa Msewe na Changanyikeni nao wasijidanganye: njia za mkato za vichakani zinazofupisha safari mchana, usiku hazipitiki kwa amani, na ukizunguka barabarani umbali unakuwa mwingine.

Kabla ya yote hayo, hakikisha unasomea wapi hasa. Koleji ya TEHAMA ya chuo hichohicho iko Kijitonyama, si Mlimani. Anayesoma kompyuta akapanga Changanyikeni kwa sababu ameambiwa ni karibu na chuo, atavuka Mwenge kila siku akiwaacha nyuma wenzake waliopanga Sinza au Makumbusho.

Sinza yenyewe ina faida isiyotajwa sana. Ni eneo lililopimwa viwanja miaka ya 1970, kwa hiyo gari linafika karibu kila nyumba na mvua haikufungii ndani. Changanyikeni, Makongo na Kimara zina vilima na njia nyembamba ambako kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, iliyobeba vitu vyako inaweza kukwama masika. Kwa upande mwingine, Sinza ni baa. Chumba kinachoonekana kimya saa nne asubuhi Jumanne, Ijumaa usiku kina spika dirishani, na tasnifu haiandikiki hapo. Nyumba zilizo jirani na Mto Ng'ombe nazo zitazame kuta zake chini: mstari wa rangi ya tope unakuonyesha maji yalifika wapi.

Maji ya bomba yanataka maswali ya aina hiyohiyo. Usiulize kama yapo, utajibiwa yapo. Uliza yanatoka siku zipi, kisha uliza ukubwa wa simtank na idadi ya wapangaji. Tangi la lita 2,000 kwa wapangaji wanane ni lita 250 kila mmoja, yaani madumu 12 na nusu ya lita 20. Ukitumia madumu matano kwa siku, siku ya tatu jioni unaanza kununua. Kwenye mgao wa Oktoba 2022, mto Ruvu ulipopungua maji, mwenye tangi na asiye na tangi waliishi kama wako miji miwili. Luku, yaani umeme wa kulipia kabla, nayo: mita ya peke yako ina thamani ya pesa, kwa sababu mita ya pamoja huzaa ugomvi siku mpangaji mmoja anapoleta friji na wote wanachanga sawa.

Mwaka wa pili mambo hubadilika. Vipindi vimeisha, unamwona msimamizi mara chache, na siku zako za Mlimani zinashuka chini ya mpaka ule wa 13. Je, uhamie Kimara? Dalali tena 90,000 na kirikuu tuseme 60,000 ni 150,000. Kwa akiba ya 24,800 kwa mwezi, ile ya anayekwenda siku 8, unairudisha baada ya miezi sita. Inalipa kwa shida, na hailipi kabisa kama data zako ziko Kigoma na utakuwa huko miezi minne. Hapo bora usiongeze mkataba, uache vitu kwa ndugu.

Kwa hiyo mkataba wa kwanza usizidi miezi sita, hata mwenye nyumba akikupunguzia kidogo ukilipa mwaka mzima. Pesa iliyoingia kwake ni nadra kurudi. Na kama una ndugu au rafiki wa kukupokea, kaa kwake wiki mbili hadi ratiba itoke. Vyumba vizuri vitakuwa vimepungua, hilo ni kweli, lakini utakuwa na idadi ya siku zako mkononi unapokaa kuongea na dalali.