Mfupa ndani ya mbege

Haya, tulieni sasa. Video mmeiona, ile ya gitaa langu kuvunjika nikiwa naimba kwenye sherehe, na aliyeisambaza namjua, maana kuna mtu nyuma ya kamera anacheka kama pikipiki inayogoma kuwaka, na kicheko hicho nimekizoea tangu darasa la tatu. Sasa yeye kawaanzishia kwenye kishindo. Mimi naanzia kwenye vanishi.

Gitaa lile nilitengeneza mwenyewe, uani hapa Pasua, Moshi, miezi minne. Shingo ya mninga, kifua cha plaiwudi. Freti, vile vyuma vya shingoni unapobania nyuzi, nilipima kwa hesabu kabisa: uzi una urefu wa sentimita 65, unagawa kwa 17.817, unapata kama milimita 36.5, hapo ndipo freti ya kwanza. Urefu unaobaki unaugawa tena, na tena, mpaka ya 12 inaangukia katikati, sentimita 32.5. Ikaangukia. Siku hiyo nilitembea mtaani kama profesa.

Sasa njoo kwenye tuni. Nyuzi zikiwa wazi, programu ya simu inawaka kijani zote sita. Bana kodi, yaani nyuzi kadhaa kwa pamoja, huku chini karibu na kifua, mbwa wa jirani anahama. Nililaumu nyuzi, nikalaumu simu, nikamlaumu hadi seremala aliyeniuzia mninga. Kumbe ukiubana uzi unauvuta, na ukivutwa sauti inapanda. Ndiyo maana briji, kile kibao cha kifuani kinachoshika nyuzi, haitakiwi kukaa kwenye 65 kamili, inarudi nyuma kidogo, tena mshazari, uzi mnene urudi zaidi. Yangu niliigundisha kwenye 65 kamili, kwa rula, kwa fahari zote.

Nikaibandua kwa kisu cha moto. Nikairudisha milimita 2 upande wa uzi mwembamba, 5 upande wa mnene. Nikajaribu: uguse uzi kidogo tu juu ya freti ya 12 au uubane palepale, sauti ileile, yaani tuni imekaa! Nilicheza peke yangu chumbani, na wewe uliyefungua mlango ghafla nakuomba uendelee kunyamaza.

Ila kisu kilikuwa kimeacha makovu. Kwa hiyo kabla ya kuirudisha briji, kwa ajili ya urembo tu, kifua chote nilikipaka vanishi mkono mmoja. Gundi nikaiweka juu ya hiyo vanishi. Mafundi mnaonisoma, najua mmeshashika kichwa. Gundi ya mbao inashika mbao. Vanishi inasalimiana nayo tu. Na nyuzi sita za chuma zikikazwa zinavuta karibu kilo 70. Hiyo ilikuwa Alhamisi usiku. Jumamosi, kipaimara cha binti wa shangazi, Kibosho, huko juu mlimani.

MC akapaza sauti: "Gitaa katengeneza kwa mikono yake mwenyewe!" Vigelegele. Ndafu, mbuzi mzima wa kuchoma, iko mezani, majani mdomoni, inaniangalia. Kando yake baba mkubwa na kata yake, kibuyu cha kunywea, imejaa mbege, pombe yetu ya ndizi.

Ubeti wa kwanza, safi. Shangazi akaanza kujifuta macho kwa kitenge. Ubeti wa pili nikasikia *tik*. Kidogo tu, kama njiti ya kiberiti inavunjika. Nikajiambia ni kiti. Nikainamisha macho: kati ya briji na kifua pana mstari wa mwanga. Mwanga, jamani! Naona upande wa pili! Hapo mtu mwenye akili anaomba maji ya kunywa. Lakini shangazi analia, na mimi sijawahi kumliza mtu kwa jambo jema. Nikaongeza nguvu.

*Tik* ya pili. Nyuzi zote sita zikaanza kushuka kwa pamoja, polepole, kama ng'ombe anateremshwa mlima kwa kamba. Na mimi kwa ujinga wangu nikashuka nazo! Gitaa linashuka, naimba nashuka, akina mama wa kwaya wananifuata kwa uaminifu mkubwa, tumefika sauti za wazee wa kanisa, shangazi kaacha kulia, ananitazama.

PAA!

Briji ikaruka na nyuzi zake, ikanichapa vidole vya kushoto, ikabaki inaning'inia kama samaki kwenye ndoano. Hiyo ndiyo mnayoiona kwenye video. Msichokiona ni kile kifupa cha ng'ombe nilichochonga kwa msasa siku mbili ili nyuzi zikalie. Chenyewe kilipaa. Nilikifuata kwa macho. Kikapita juu ya ndafu, juu ya keki, nikasema asante Mungu, kikatua *chubwi* ndani ya kata.

Kimya.

Baba mkubwa akachungulia. Akaingiza vidole viwili. Akakitoa, akakigeuza, akamwangalia mbuzi, akaniangalia mimi.

"Mbona huyu ameanza kugawanyika kabla hatujamkata?"

Sitaki kuongelea yaliyofuata. Watu walicheka, DJ akaokoa jahazi, nilikula mgongo nikiwa nimesimama nyuma ya tanki la maji, nikashuka mjini na daladala ya kwanza.

Gitaa lenyewe limepona. Nimekwangua vanishi mpaka mbao, nimegundisha, nimelibana kwa klempu usiku kucha. Kinachokosekana ni kile kifupa. Kipo kwa baba mkubwa, kwenye kabati la vyombo, kwenye kikombe cha wageni, na anasema nikitaka nikaombe Desemba, ukoo mzima ukiwa umeshapanda mlimani.