Shangazi Hakuwaka Moto

Kwanza kabisa: Shangazi hakuwaka moto. Kilichowaka ni siti.

Najua klipu ya siti ya gari langu ikiwaka barabarani mmeshaiona. Najua pia aliyeirusha kaiandikia "harusi ya moto" na kupanga vikatuni vya kucheka mstari mzima. Huyo ni rafiki yangu wa tangu shule. Alikaa siti ya mbele safari nzima, na mchango wake katika uokoaji wote ulikuwa kulaza simu ili video itoke pana. Sasa nasimulia mimi, na nasimulia kwa agizo. Shangazi kapiga simu asubuhi, hata salamu hakumaliza: "Baba, waambie watu wako huko mtandaoni kwamba si uzito wangu."

Haya, nimewaambia. Si uzito wake. Mlioandika "springi zimesalimu amri" rudini mkafute.

Gari langu mnalijua. Volkswagen Beetle ya 1970, nimeachiwa na baba mdogo, ambaye ukimpa dakika moja tu atakukumbusha kwamba gari la aina hii lilishinda Safari Rally mwaka 1962, utadhani usukani alishika yeye. Lilikuja na redio yake ya Blaupunkt, ile ya vitufe viwili vya kuzungusha na sindano katikati. Inashika masafa ya kati tu, na siku hizi hata hayo haishiki, inakohoa. Mimi nilikuwa nimeridhika nayo. Ila kamati ya harusi ya binamu yangu ilipokaa kupunguza bajeti, kitu cha kwanza kukatwa kikawa matarumbeta. Ukumbi mzima ukanuna. Msafara bila matarumbeta una tofauti gani na foleni ya kawaida? Ndipo kiherehere changu kikanyoosha mkono: "Muziki wa njiani niachieni mimi."

Wazee wa magari ya zamani mnataka kuuliza kama nilikata dashibodi. Tulieni, sikukata. Fundi wa mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, alikuwa ameshawasha grenda, maana redio za sasa zinataka tundu la sentimita 18 kwa 5 na dashibodi ya Beetle haina tundu hilo wala haina mpango nalo. Nikamwambia ukigusa hicho chuma naondoka na gari langu. Tukakubaliana redio mpya ya blututhi ikae ndani ya kile kisanduku cha makaratasi upande wa abiria, na Blaupunkt ibaki pale mbele kama babu aliyewekwa meza kuu, haulizwi kitu ila yupo. Nikasimama pale kuilinda dashibodi mpaka miguu ikaniuma. Ya nyuma nikamwachia fundi na Mungu wake.

Sasa ya nyuma ndiyo yenyewe. Kwa wasioijua Beetle: injini iko nyuma, buti iko mbele, tangi la petroli nalo liko mbele chini ya boneti (hili mlikumbuke, lina kazi baadaye), na betri iko ndani ya gari, chini ya siti ya nyuma, upande wa kulia. Ndiyo, abiria anaikalia. Kwa sababu hiyo betri ina mfuniko wake, maana siti imejaa springi za chuma, springi zimegusana na bodi, na bodi ndiyo hasi. Springi ikishuka ikagusa kichwa cha chanya, umepiga shoti ya betri nzima bila fyuzi hata moja katikati. Springi inakuwa nyekundu kama waya wa hita. Na juu ya springi hizo Wajerumani walitandika nini? Makumbi. Makumbi ya nazi, haya haya tunayosokotea kamba, yamekauka humo tangu 1970 yakisubiri kiberiti.

Fundi akasema betri ndogo haitaweza amplifaya na sabufa. Akaweka N70, ambayo kwa urefu iliizidi ile ya mwanzo kama vidole vitatu. Mfuniko ukagoma kuingia. Mnataka kujua mfuniko ulienda wapi? Nilikuja kuukuta kwenye kisanduku cha dashibodi, nyuma ya redio. Aliusokomeza pale kama kabari, redio isicheze.

Na haikucheza, haki yake nampa.

Siku ya harusi maharusi wakalitazama gari langu, wakalisifia sana, wakapanda Alphard ya kukodi yenye kiyoyozi. Mimi nikapewa Shangazi. Msichukulie poa, Shangazi ndiye mweka hazina wa kamati, na kwenye mkoba wake ilikuwemo bahasha ya mpishi. Kitenge cha sare, kilemba kimepanda mpaka kinagusa dari. Siti ya nyuma upande wa kushoto lilikaa boksi la sabufa. Kwa hiyo mwenyewe, kwa heshima zote, nikainamisha siti yangu, nikamshika mkono, nikamkalisha kulia.

Tukatoka Magomeni kuelekea Mikocheni kwa Barabara ya Kawawa. Nikafungulia muziki. Jamani. Niseme ukweli mbele ya watu: ulipiga! Vioo vinatetemeka, watu vituoni wanageuka, watoto wanakimbia pembeni. Nyuma yetu Coaster ya kina mama inashangilia. Na Shangazi, ambaye vikaoni hata kutabasamu hulipiwa, akaanza kucheza. Amekaa, lakini anacheza. Bega la kulia, bega la kushoto, halafu anajinyanyua kidogo na kushuka kwa mzigo.

Kila akishuka, redio inazimika. Inakaa kimya kidogo, inawaka upya, na yule dada wa humo ndani anatangaza kwa Kiingereza kwamba blututhi imeunganishwa. Wimbo unarudi. Shangazi anafurahi wimbo umerudi, anajinyanyua, anashuka. Kimya. Dada anatangaza.

Nikasema huu ni waya umelegea. Nikamwambia rafiki yangu auguse. Akagusa redio, redio ikarudi (kumbe Shangazi alikuwa amejinyanyua), akajiona fundi. Basi kazi ikawa hiyo, kila ikizimika anaipiga kibao. Mimi nikaongeza sauti.

"Baba," nikasikia nyuma, "hii siti ina joto."

"Ni injini hiyo, Shangazi. Magari haya injini iko nyuma."

Akanyamaza, akafikiri.

"Mbona joto limechagua upande mmoja?"

Rafiki yangu akageuka akamweleza kwamba bomba la moshi linapita upande huo. Kwa taarifa yenu huyu bwana ni mhasibu. Hajawahi hata kubadilisha tairi. Lakini alilisema kwa utulivu kiasi kwamba hata mimi nikaamini.

Ikaja harufu. Mimi nikafunga kioo, nikasema hawa wachoma mahindi sasa wamezidi. Nimefunga kioo! Harufu iko ndani na mimi nimeifungia ndani, pamoja na Shangazi, kwenye gari ambalo vioo vyake vya nyuma havifunguki tangu kiwandani.

Tukashuka bonde la Mkwajuni. Pale chini kuna mahali lami imejikunja kidogo. Gari lingine usingesikia kitu. Beetle iliruka, Shangazi akapanda, kilemba kikagonga dari, akashuka. Safari hii aliposhuka kilisikika kitu chini kikisema "tsss," na redio ikafa moja kwa moja, hata dada hakutangaza. Injini ikakohoa, ikazima. Tukawa tunateleza kimya kimya kwa ule mteremko uliobaki. Nikatazama kwenye kioo cha katikati. Shangazi amekaa wima, mkoba kifuani, macho mbele. Na kwenye pindo la kitenge, taratibu kabisa bila haraka, unapanda moshi.

Hakupiga kelele. Hilo ndilo linalonitesa mpaka leo. Alisema kwa sauti ile ile ya kusomea mapato na matumizi:

"Simamisha gari."

Kina mama kwenye Coaster wakauona moshi kupitia kioo cha nyuma. Mnajua ule moshi wa ukumbini bibi harusi anapoingia? Wakadhani nimefunga mtambo. Vigelegele!

Nikaruka nje. Mtungi wa kuzimia moto ninao, trafiki wote wa Kawawa ni mashahidi, una stika na bado uko kwenye nailoni yake. Uko wapi? Kwenye kile kishimo cha mizigo nyuma ya siti ya nyuma. Kuufikia lazima upite kwa Shangazi. Na Beetle ina milango miwili tu, kwa hiyo Shangazi naye hatoki mpaka siti yangu iinamishwe. Nikavuta kile kiwiko cha siti. Kikagoma. Siku zote kinaingia kwa kidole kimoja, siku hiyo kimegoma. Rafiki yangu ameshatoka upande wake, nikadhani anakuja kunisaidia. Anarudi kinyumenyume. Anatafuta pembe nzuri.

Siti ikakubali. Nikanyoosha mkono. Shangazi akaweka mkoba. Nikasema Shangazi nipe mkono, akasema, "Mkoba kwanza." Nikaupokea. Akainama, akatoa kichwa na bega moja, kisha akasimama hapo hapo. Kilemba kimenasa kwenye ile kamba ya kujishikia pembeni ya mlango. Mbele haendi, nyuma kuna moto, na hataki kukiacha kilemba. Basi la mwendokasi likapunguza mwendo jirani yetu, dirisha zima simu. Kijana mmoja wa bodaboda akaja mbio akanyoosha mikono apokee mkoba ili mimi nimvute vizuri. Shangazi, nusu yake ikiwa ndani ya moshi, akamtazama:

"Si wewe."

Watu wameshajaa. Mmoja anapiga kelele tukae mbali na injini, gari litalipuka! Umati wote ukakimbilia mbele ya gari. Mbele. Lilipo tangi la petroli. Wakaegemea na boneti. Mimi napiga kelele "si huko!" na wao wanadhani nawaambia wasogee zaidi, wanasogea zaidi.

Aliyetuokoa ni kijana mwingine wa bodaboda, ambaye nadhani ana akili kuliko wote tuliokuwepo. Akakata fundo la kilemba kwa meno, Shangazi akatoka, yeye akaingia nusu, akang'oa siti ya nyuma. Ile siti haina hata bolti, unainyanyua tu. Akaitupa barabarani ikiwaka, akaimwagia mchanga.

Siti ilipotoka, shoti ikakatika. Kukawa kimya.

Dada akatangaza kwamba blututhi imeunganishwa. Na wimbo ukaanza upya, tangu mwanzo, kwa ile sauti niliyoiongeza, safi kuliko ulivyowahi kutoka. Vijana wawili wa bodaboda wakaanza kucheza kuizunguka siti. Hapo ndipo klipu yenu inapoanzia, ndiyo maana hamwelewi kitu.

Mengine ni mafupi. Shangazi hakuungua, nguo za ndani zilikuwa nzito, tuishie hapo. Kitenge kilitoboka pabaya. Mama ntilie wa jirani akamfunga khanga, imeandikwa "Mdhaniaye ndiye kumbe siye." Akapanda bajaji akafika ukumbini kabla ya bibi harusi, akamlipa mpishi, na aliposoma taarifa ya fedha akatia mstari mpya: kitenge, kilemba na nauli ya bajaji, mdaiwa ni mimi. Walipiga makofi.

Fundi nilimpigia kesho yake nikiwa nimejaa maneno. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Lakini redio inapiga?"

"Inapiga."

"Sasa bosi, tatizo la redio liko wapi?"

Nikakosa cha kumjibu. Nimerudisha betri fupi, mfuniko uko mahali pake, siti iko kwa fundi wa makochi anaijaza sponji, na redio nimeikabarisha kwa kandambili.

Sabufa nauza. Haijaungua, ina harufu kidogo tu. Anayeitaka aje inbox. Atakayemshawishi yule mhasibu aifute klipu, namwachia bure.