Filamu ya mapanki umeiona, au umesimuliwa?

Juzi kijiweni hapa Sinza jamaa kasimama, mishipa ya shingo imemtoka, anaiponda filamu ya mapanki, yale mabaki ya sangara minofu ikishatolewa. Eti mzungu alikuja Mwanza kutudhalilisha, akapiga picha mifupa ya samaki akaenda kututangaza vibaya Ulaya. Nikamuuliza tu, kaka, wewe umeiangalia? Akasema yeye haangaliagi uchafu. Nikawageukia wengine, hakuna hata mmoja aliyeiona, na mmoja wao 2006 alikuwa bado anakimbizana na tairi mtaani lakini msimamo anao, tena mkali.

Mi nilipanga leo niwape listi ya dokumentari za kuangalia, maana hamuishi kuniuliza, ila baada ya kile kijiwe naanza na hiyohiyo. Darwin's Nightmare ya Hubert Sauper, Mwaustria, ya 2004. Na ntakaa hapo, mnivumilie.

Tunachokumbuka wengi wetu ni kelele. Rais Kikwete aliikemea hadharani 2006, Mwanza watu wakaingia barabarani kuandamana, na sidhani kama waandamanaji wengi walikuwa wameiona, wangeionea wapi? Mwaka huohuo ilikuwa kwenye kinyang'anyiro cha Oscar ikapigwa chini na dokumentari ya pengwini. Naam, pengwini.

Sasa ukikaa chini ukaiangalia unagundua mapanki yenyewe ni sehemu ndogo tu. Filamu nzima inazunguka ndege. Yale madude ya mizigo, Ilyushin, yanatua Mwanza, marubani wanaongea Kirusi, yanapakia minofu ya sangara yanaondoka kwenda Ulaya, na Sauper kazi yake ni kuuliza swali lilelile kwa kila anayekutana naye: zikija huku huwa zimebeba nini? Mmoja anasema tupu, mwingine hajui, mwingine anaangalia pembeni. Mpaka kule karibu na mwisho rubani mmoja, mtu mzima na mwili wake, anajikaza anasimulia kwamba aliwahi kupeleka vifaru Angola halafu akapitia Johannesburg kupakia zabibu za kupeleka Ulaya. Anaongea kama mtu anayetapika mfupa. Hapo hakuna msimulizi wa kukwambia ujisikieje, unabaki na mzigo wako mwenyewe.

Halafu kuna yule dada anayewaimbia marubani "Tanzania, Tanzania". Wimbo wetu ule tulioimba mistarini shuleni. Baadaye kwenye filamu unaambiwa ameuawa na mteja. Hii habari kijiweni hakuna aliyekuwa anaijua, wanajua mifupa tu, yaani dada wa watu kafa, nchi nzima tukabishana kuhusu vichwa vya samaki.

Ndio, kuna mambo namkubalia yule jamaa, kwa shingo upande. Sauper hakuonyesha bunduki hata moja ikishushwa Mwanza, anadokeza tu kwamba ndege zilileta silaha, na kudokeza jambo zito namna ile bila ushahidi mkononi ni tatizo. Ajira za viwanda vya samaki pia kazipitia harakaharaka. Na kwenye mapanki mama yangu mdogo yuko Mwanza, nilivyomwonyesha hiyo filamu kwenye laptopu yeye hakukasirishwa na umaskini, alikasirishwa na kamera. "Kichwa cha sangara tunakula, tena kitamu, sasa huyu anakishangaa nini?" Akasema wale funza ni wa pale wanapoanikia tu, kwake hakuna funza. Alivyofika kwa yule dada akanyamaza, akaniambia nirudishe nyuma, akausikiliza ule wimbo tena. Kisha akaendelea kumsema Sauper mpaka chakula kikapoa. Sasa huo ndo ubishi ninaoutaka mimi! Mama mdogo ana hoja kwa sababu ameona.

Na lile ziwa lenyewe mnalisahau. Sangara si mwenyeji, alipandikizwa enzi za mkoloni miaka ya 1950, akawafyeka furu, vile visamaki vidogo vya ziwani, aina kwa aina. Hiyo haina mjadala wa uzalendo, ni samaki kamla samaki.

Haya, nyingine sasa, fastafasta.

Virunga, 2014, iko Netflix. Maaskari wa hifadhi, gorila yatima, kampuni ya mafuta inayonyemelea hifadhi na vita ya waasi wa M23 vyote kwa pamoja, na raha yake watu wanaongea Kiswahili cha Kongo kinachoparamiana na Kifaransa, huhitaji kusoma maandishi kila dakika. Bi Kidude je? As Old as My Tongue, 2006. Bibi anavuta sigara, anapiga ngoma, anacheka na wote waliodhani wanamfahamu. Kama unamjua Bi Kidude kwa wimbo mmoja tu wa kwenye harusi, hujamjua. A Panther in Africa inamhusu Pete O'Neal, Mmarekani wa Black Panther, kile chama cha kupigania haki za watu weusi, aliyekimbia kwao akatulia Imbaseni, Arusha. When We Were Kings ni pambano la ngumi la Ali na Foreman Kinshasa 1974, na ilitoka 1996 kwa sababu hela za kuimaliza zilikosekana, kwa hiyo wewe unayesubiri mfadhili tulia.

Jane, ya 2017, ya Jane Goodall na sokwe wake, ina picha nzuri za Gombe kuliko tangazo lolote la utalii wetu, zilipigwa na Hugo van Lawick zikalala stoo miaka na miaka. Ila watu wa Kigoma humo ndani wanapita kama kivuli. Ukitaka kuona ugonjwa huo ulianzia wapi tafuta Serengeti Shall Not Die ya Mjerumani Grzimek, ya 1959, iliyochukua Oscar. Wanyama wanahesabiwa kwa ndege mmoja mmoja, Mmasai anaonekana kama mgeni kwao. Iangalie hivyohivyo, ukiwa umekasirika.

Na msiniambie "tuna za kwetu kwenye tivii". Zipi? Mheshimiwa anakata utepe, kinanda kinalia nyuma, sauti nzito inasema "ni katika jitihada za dhati", dakika 30 zimeisha, hujaona mwananchi hata mmoja akimaliza sentensi yake. Hilo ni tangazo refu bwana. Kamera zipo, vijana wa kuzishika wapo, kinachokosekana ni mtu wa kumwacha mwananchi aongee.

Wengine mtasema lugha, na bando. Bando siwezi kuwasaidia, mi mwenyewe la wiki linaisha Jumatano. Ila lugha inanikera kweli, maana vibanda umiza vyetu Muhindi akipigana na treni tuna DJ wa kumtafsiria, Mkorea akilia tunatafsiriwa mpaka kwikwi, halafu filamu iliyopigwa Mwanza, kuhusu watu wa Mwanza, sehemu kubwa ni Kiingereza na Kirusi, hakuna aliyeigusa. Kama kuna DJ anasoma hapa na yuko tayari kuitia sauti, kiingilio nalipa mimi kwa kijiwe kizima, na jamaa wa Sinza nambeba mwenyewe kwenye boda.