Neno Lililomponza Profesa

Gumlukiya. Wamisri husoma herufi ya Kiarabu jimu kwa sauti ya ga, lakini sikio la Mswahili litang'amua tu: nusu jamhuri, nusu milki, yaani ufalme. Bunge lipo, kura zipo, ila kiti kinarithiwa kama shamba la minazi.

Neno hilo alilitunga Saad Eddin Ibrahim, profesa wa sosholojia jijini Cairo. Juni 10, 2000, Rais Hafez al-Assad alifariki, na siku hiyohiyo bunge la Syria likashusha umri wa chini wa rais kutoka miaka 40 hadi 34. Mwanawe Bashar alikuwa na 34 kamili. Saad akaandika kwenye jarida la al-Majalla kwamba Misri nayo yaweza kufuata mkondo huo. Juni 30 jarida halikuonekana kwa wauza magazeti wa Cairo. Usiku wake akakamatwa.

Mashtaka hayakugusa neno lile. Yalihusu pesa za Umoja wa Ulaya alizopokea bila kibali, eti na kuichafulia Misri jina. Wenye pesa wenyewe walisema hawamdai kitu. Alipigwa miaka 7 mwaka 2001, kesi ikarudiwa 2002, akapigwa 7 ileile. Machi 2003 mahakama ya juu ikamwachia, afya imekwisha, mwendo wa kuchechemea. (Nasi Waafrika wengine tusicheke: kesi yake ikiendelea kunguruma, Januari 2001, Kinshasa Joseph Kabila alimrithi baba yake.)

Kinachonishangaza ni kwamba hakuwa mtu wa pembeni. Suzanne, mke wa Rais Mubarak, alikuwa mwanafunzi wake. Na miaka ya 70 aliingia magerezani kuwahoji vijana wa makundi ya Kiislamu yenye silaha, akakuta wengi ni wasomi, watoto wa familia zilizotulia, wala si wahuni. Utafiti huo ulitoka 1980 katika jarida la wataalamu, kwa Kiingereza, na hakuna aliyemgusa. Gazeti, hilo dereva wa teksi analisoma.

Simfanyi walii. Urafiki wake na Washington uliwakera Wamisri wengi, nami ningekereka. Lakini alipotoka jela alirudi kuandika, hadi ikambidi akae uhamishoni kuanzia 2007.

Mubarak aling'oka Februari 2011, mwanawe Gamal asirithi kitu. Bashar alikimbia Damascus Desemba 2024. Hilo Saad hakuliona. Alifariki Septemba 2023.