Mabilioni ya Tsunami ya 2004: Yaliwafaa Waathirika?

Tetemeko la ukubwa wa 9.1 lililotokea chini ya bahari karibu na Sumatra tarehe 26 Desemba 2004 lilisukuma mawimbi yaliyoua watu wapatao 230,000 katika nchi 14, wengi wao wakiwa wa jimbo la Aceh nchini Indonesia. Serikali na watu binafsi duniani kote walitoa au kuahidi takriban dola bilioni 14. Hata leo wataalamu wa misaada hawajakubaliana kama wingi huo wa fedha uliwafaa waathirika au uliwavuruga.

Wanaoutetea huanzia Aceh. Magonjwa makubwa ya mlipuko yaliyohofiwa hayakutokea, na mamlaka ya ujenzi mpya, BRR, iliyoongozwa na Kuntoro Mangkusubroto, ilipomaliza kazi yake mwaka 2009 nyumba takriban 140,000 zilikuwa zimejengwa. Aidha, serikali na waasi wa GAM (kundi lililopigania uhuru wa Aceh), waliokuwa wamepigana kwa karibu miaka 30, walitia saini mkataba wa amani mjini Helsinki mwezi Agosti 2005.

Wanaoupinga nao hawakosi hoja. Mashirika yaliyokuwa na haraka ya kuwaonyesha wachangiaji wao matokeo yaligawa mashua ambazo wavuvi hawakuweza kuzitumia baharini, na baadhi ya nyumba za mwanzo zilianza kuoza kabla wenyewe hawajatulia. Kinachoniuma zaidi ni mgawanyo wenyewe: tathmini ya pamoja ya mashirika ilikadiria kuwa kila mwathirika wa tsunami alitengewa zaidi ya dola 7,000, ilhali aliyekumbwa na mafuriko ya Bangladesh mwaka huohuo alipata takriban dola 3. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka (MSF) liliwaomba watu, siku chache tu baada ya maafa, waache kuchangia tsunami kwa sababu fedha zilikwisha kutosha. Lililaumiwa sana wakati ule, nami naamini lilikuwa kweli kuliko yote.

Hata hivyo, wingi wa fedha peke yake hauelezi yaliyotokea Sri Lanka. Huko nako misaada ilikuwa tele, lakini serikali ilipiga marufuku kujenga upya ndani ya mita 100 kutoka baharini upande wa kusini na mita 200 kaskazini na mashariki, hivyo wavuvi wakasogezwa mbali na riziki yao huku hoteli za kitalii zikiruhusiwa kubaki. Makubaliano ya kugawana misaada kati ya serikali na waasi wa Tamil Tigers yalitiwa saini Juni 2005, Mahakama ya Juu ikasimamisha sehemu zake muhimu mwezi uliofuata, na mwaka 2006 vita vikarejea. Kwa hiyo wanaodai kwamba dawa ni kuipa serikali usukani wa misaada wasisahau kuwa Sri Lanka serikali ilikuwa nao. Aceh ilinusurika kwa sababu wenye silaha walikubali kuketi pamoja, na fedha zikakuta makubaliano yaliyokwisha kuanza kushika mizizi, zisingeweza kuyanunua.

Upande wetu wa bahari, mjadala huo wa mabilioni unafunika jambo jingine. Mawimbi yalichukua saa kama saba kufika Somalia, na habari zake zilikuwa zimekwisha kutangazwa duniani, lakini katika nchi isiyokuwa na serikali inayofanya kazi hapakuwa na wa kuwaonya watu wa Hafun na vijiji jirani. Karibu watu 300 walikufa. Kenya, ambako fukwe zilifungwa na watu kuondolewa, alikufa mtu mmoja. Tangu 2011 Australia, India na Indonesia hutoa tahadhari kwa nchi zote za Bahari ya Hindi kupitia mfumo ulioratibiwa na UNESCO. Ningependa kuona wafadhili wakipimwa kwa jinsi tahadhari hiyo inavyomfikia mvuvi wa Hafun, kwa kuwa hata nyumba 140,000 za Aceh zilijengwa baada ya wengi waliostahili kuishi ndani yake kuzikwa.